Saa ya kaka si mbovu: saa ya redio inayomulika darini, na jinsi ya kuitumia ukiwa Dar es Salaam

Swali: "Shikamoo fundi. Kaka yangu anaishi Ujerumani, alipokuja Krismasi aliniletea saa ya kuweka kando ya kitanda. Ina kishingo kinachomulika muda kwa taa nyekundu hadi darini, na kaka alisema inajirekebisha yenyewe kwa redio, nisihangaike nayo. Tangu nimeiwasha, kialama cha mnara kinawaka na kuzima tu, na muda uko nyuma masaa mawili. Nilibonyeza vitufe haikukubali, baadaye ikakubali nikaweka muda kwa mkono. Wiki iliyopita nikatega alamu ya saa kumi na nusu alfajiri niwahi mwendokasi, haikulia. Nilichelewa zamu, mimi ni nesi. Mdogo wangu aliyebaki nyumbani anasema ililia saa nne na nusu. Tena umeme ukikatika inarudi sifuri. Fundi wa mtaani kwetu ameifungua, anasema antena imekufa, anataka hela ya kuibadilisha. Naishi Kimara, nalala na chandarua na kuna pangaboi katikati ya chumba. Je, ni kweli imekufa?"

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuchelewa zamu. Kwa maelezo yako sioni ubovu wowote katika saa hiyo. Antena usiilipie. Nenda kaichukue saa yako leo, na uhakikishe amerudisha skrubu zote za mgongoni.

Hakuna fundi Dar es Salaam anayeweza kutamka kuwa antena ya saa hiyo imekufa kwa sababu tu kialama cha mnara hakitulii. Hapa kwetu hakitatulia hata kwa saa iliyotoka kiwandani jana. Antena yenyewe ni kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba, haina cha kufa kirahisi isipokuwa waya ukatike. Fundi anayetaka kuthibitisha huchomoa mita akapima kama waya ni mzima kutoka ncha hadi ncha, kazi ya nusu dakika. Kuangalia kialama hakumwambii kitu.

Saa yako ni saa ya kawaida ya kwatzi kama ile ya ukutani. Ndani yake kuna fuwele ndogo inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na hiyo ndiyo inayohesabu muda. Juu ya hapo imeongezewa sikio la kusikiliza mtangazaji mmoja tu duniani: kituo cha DCF77 kilichoko Mainflingen, karibu na Frankfurt. Kituo hicho kinarusha mawimbi marefu ya kilohezi 77.5, kikiongozwa na saa za atomu za seziamu, yaani saa za kisayansi zilizo sahihi mno, na kimekuwa hewani tangu 1959. Hakitangazi habari wala muziki. Kila sekunde kinapunguza nguvu yake kwa kitambo kidogo. Kikipunguza kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, saa inaandika sifuri. Kikipunguza kwa sehemu mbili za kumi, inaandika moja. Sekunde ya mwisho ya dakika hakipunguzi kabisa, na hapo saa inajua dakika mpya inaanza. Dakika nzima ikipita bila kelele, saa inakuwa imepokea dakika, saa, tarehe, siku ya juma, mwezi na mwaka. Ndiyo maana inahitaji dakika kadhaa za utulivu, na ndiyo maana hujaribu zaidi usiku wa manane, mawimbi marefu yanaposafiri vizuri na vyombo vingi vya umeme vimezimwa.

Mimi naipenda sana kazi hii ya wahandisi wa pale. Mtu yuko kijijini kwake Poland au Italia, amelala, na saa ya mezani ya bei ndogo inajirekebisha kwa atomu.

Lakini sauti hiyo inafika kilomita 2,000 hivi. Kutoka Frankfurt hadi hapa kwetu ni karibu kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, juu ya milima ya Alps, Bahari ya Mediterania na jangwa. Haifiki. Saa yako inaita usiku kucha, hakuna anayeitika. Wala usidhani ungenunua ya nchi nyingine ungepona. Za Uingereza husikiliza Anthorn kwa kilohezi 60, za Marekani husikiliza Fort Collins kule Colorado kwa kilohezi 60 pia, za Japani zina vituo viwili vya 40 na 60, na China wana chao cha 68.5. Afrika Mashariki hatuna kituo cha namna hiyo.

Sasa lile la kuwa nyuma saa mbili. Wakati wa baridi Ujerumani wako saa moja mbele ya saa ya dunia, sisi tuko saa tatu mbele mwaka mzima. Kaka aliiwasha kwake ikashika muda wa kule, ikaja nao kwenye begi, betri yake ya akiba ikiwa bado nzima. Ungeipata Julai ungekuta tofauti ni saa moja tu, kwa kuwa wenzetu husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi hatuna haja hiyo. Hapa jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, tofauti ya mwezi na mwezi haifiki saa moja.

Basi dawa ni kulifunga hilo sikio, kisha uiongoze saa mwenyewe. Kwenye saa nyingi za aina hii kuna kitufe chenye picha ya mnara au mawimbi. Kibonyeze na kukishikilia kama sekunde tatu hadi kialama kipotee. Kwenye nyingine jambo hilo liko ndani ya mpangilio, ukishikilia kitufe cha SET linajitokeza neno RCC au RC pamoja na ON. Ligeuze liwe OFF. Ukikuta neno DST, ambalo ni lile suala la kusogeza saa majira ya joto, nalo lizime. Ukikuta sehemu ya kanda za saa, iache kwenye sifuri. Watu wengi hukosea hapo: wanaweka kanda mbili mbele, halafu wanarekebisha na muda kwa mkono, mwisho saa inaongeza saa mbili juu ya muda ambao tayari ni sahihi, na wao wanadhani ina wazimu.

Kuzima sikio kuna faida ya pili. Saa inayotafuta mawimbi kila usiku bila kupata inakula betri bure. Tena katika chumba chenye chaja za simu, taa za LED na televisheni kuna kelele nyingi za umeme kwenye masafa hayo hayo. Ile lugha ya sifuri na moja ina ulinzi dhidi ya makosa, ila ulinzi wenyewe ni mwepesi. Si jambo la kila siku, lakini kelele zinaweza siku moja kufanana na muda halisi, saa ikaamini. Mtu wa zamu kama wewe asiiache wazi nafasi hiyo.

Na kule kukataa vitufe ulipoanza, haikuwa jeuri. Saa hizi zikitiwa betri au kuchomekwa umeme, kwanza hutafuta mawimbi kwa dakika saba, kumi, na muda huo hazipokei amri. Ziache. Zikikata tamaa zenyewe ndipo uanze kuzipangia.

Kuweka muda, tumia simu yako, ukiwa umeiacha ijipangie tarehe na saa yenyewe kutoka kwenye mtandao. Usitegemee sauti ya redio inayopita kwenye intaneti, maana inachelewa sekunde nyingi. Ukitaka kuwa sahihi hadi sekunde, fanya hivi: weka dakika inayofuata, si hii iliyopo, kidole kikae kwenye SET, simu ikigonga sifuri bonyeza kumaliza. Saa nyingi huanza kuhesabu sekunde upya pale pale. Baada ya hapo itakuwa inakosea sekunde chache kwa wiki, pengine sekunde 15 hadi 30 kwa mwezi. Joto letu linaichelewesha kidogo sana, kwa kuwa fuwele zile hupangwa zitembee sawasawa kwenye nyuzi 25 hivi, na chumba cha Kimara mwezi wa pili kinazidi hapo. Kila tarehe mosi itazame pamoja na simu, uisahihishe. Kazi ya dakika moja kwa mwezi.

Nimefika kwenye alamu, na hapa ndipo penye jambo kubwa katika barua yako. Mdogo wako amekupa jibu lote. Alamu haikushindwa kulia. Ililia saa nne na nusu asubuhi, na saa nne na nusu kwa hesabu ya saa hizi huandikwa 10:30. Wewe ulitaka saa kumi na nusu, ukaandika kumi na nusu. Usijilaumu. Ulifikiri kwa Kiswahili, kama sote, na mashine ilitengenezwa na watu wanaoanza kuhesabu katikati ya usiku. Sisi tunaanza kuhesabu jua likizama na likichomoza. Kwenye saa ya mishale hili halitusumbui, jicho limeshazoea kusoma upande wa pili wa mshale mfupi: mshale uko kwenye nne, mdomo unasema kumi. Kwenye saa ya tarakimu hakuna upande wa pili. Usiku ukiwa umechoka, umetoka zamu, mkono unaandika kile kinachosemwa na kichwa.

Kwa hiyo saa kumi na nusu alfajiri iandike 4:30, na ningekushauri uiweke saa kwenye mtindo wa saa 24 ili ikuandikie 04:30. Kwenye mtindo wa saa 12, herufi za AM na PM ni ndogo kama punje ya mtama, na kukosea hapo kutakuamsha saa kumi na nusu jioni. Ukishatega, fanya jaribio la mchana: tega alamu ya dakika mbili mbele, uisikie ikilia kwa masikio yako, ndipo urudishe ya alfajiri. Angalia pia siku. Saa nyingi za namna hii zinakuuliza kama alamu ni ya kila siku, ya Jumatatu hadi Ijumaa, au ya Jumamosi na Jumapili tu. Nesi ana zamu za Jumapili. Weka kila siku, halafu uzime mwenyewe siku ya mapumziko.

Kuna njia nyingine, na nakuandikia kwa sababu nimewafanyia wazee kadhaa wakafurahi kuliko nilivyotarajia. Ukishaifunga saa sikio, hakuna anayekulazimisha kuiweka kwa saa za Kizungu. Isogeze mbele saa sita, itumie mtindo wa saa 12, nayo itamulika Kiswahili darini. Saa kumi na mbili jioni itaandika 12:00, saa moja usiku 1:00, saa kumi na nusu alfajiri 10:30, saa moja asubuhi 1:00. AM itakuwa usiku, PM itakuwa mchana. Nasema mbele, si nyuma, kwa makusudi. Ukiisogeza mbele, tarehe na siku zitabadilika jua linapozama, kama walivyohesabu wazee wetu wa pwani, ambao kwao usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi magharibi. Na alamu yako ya alfajiri ya Jumatatu itaangukia Jumatatu kwenye kioo, bila mgongano. Ukiirudisha nyuma saa sita, tarakimu zitasomeka vilevile, ila alfajiri ya Jumatatu saa itakuwa bado inasema Jumapili, na alamu ya siku za kazi itakutupa.

Mama mmoja wa Magomeni nilimwekea hivyo. Macho yake hayaoni vizuri kwenye kioo kidogo, lakini tarakimu nyekundu za darini anaziona, na anasema sasa saa inaongea naye. Kwako wewe ningesita kidogo, kwa kuwa hospitalini mnaandika kwa saa 24 na kichwa kimoja kubeba hesabu mbili usiku wa manane si jambo jema. Kama unalala chumba kimoja na mtu mwingine, kubalianeni kwanza. Saa moja yenye lugha mbili ndani ya nyumba itawachelewesha wote.

Umeme sasa. Kurudi sifuri ukikatika maana yake ni moja tu, betri ya akiba iliyokuja nayo sasa imekwisha. Geuza saa, fungua kifuniko. Utakuta nafasi ya betri mbili au tatu za AA, au betri bapa mviringo ya CR2032. Kama ni za AA weka za alkalini, si zile za bei ya kutupwa. Tunaishi karibu na bahari, hewa ina unyevu na chumvi, na betri dhaifu huvuja ikaacha unga mweupe kwenye vyuma. Ukiukuta, toa betri, chovya kijiti chenye pamba kwenye siki au ndimu, sugua taratibu, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha ikauke kabisa kabla ya kurudisha. Angalia betri hizo kila baada ya miezi sita hata kama hujaona dalili.

Betri zinalinda muda na alamu, hazilindi ule mwanga wa darini. Ukitumia betri peke yake, saa itamulika kwa sekunde chache tu ukigusa kitufe kikubwa cha juu, kisha itazima. Hiyo si hitilafu, ni kubana matumizi. Ukitaka mwanga usiku kucha lazima chaja yake ichomekwe ukutani.

Na hiyo chaja imetoka Ujerumani, ina miguu miwili ya mviringo. Voti hazina tatizo, kule 230 na hapa 230. Tatizo ni tundu la soketi yetu, lile la miguu mitatu bapa. Najua watu wanavyofanya: wanachomeka kalamu kwenye tundu la juu ili yale mawili yafunguke, halafu wanalazimisha miguu ya mviringo iingie. Nakuomba usifanye hivyo. Miguu inakaa kwa kulegea, inatoa cheche, inachoma soketi taratibu nyuma ya kitanda ambako huoni. Nunua adapta pale Kariakoo. Kama una stabilaiza au gadi ya umeme, ichomeke hapo, kwa kuwa kinachoua chaja hizi ni ule umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika.

Wanaoletewa saa kutoka Marekani wasome maandishi madogo ya chaja kwanza. Ikiandikwa 100-240V ni salama. Ikiandikwa 120V peke yake, usiichomeke, itaungua. Na zipo saa za zamani za kule zinazohesabu muda kwa mapigo ya umeme wa ukutani, 60 kwa sekunde. Hapa kwetu ni 50, kwa hiyo hata ukiipatia transfoma ya kushusha voti, kila saa moja itachelewa dakika kumi. Hiyo si rahisi kuitibu.

Tuje chumbani kwako. Kishingo kina taa nyekundu, kioo kidogo chenye tarakimu na lenzi. Wameweka nyekundu kwa sababu jicho lililozoea giza halisumbuliwi nayo kama linavyosumbuliwa na nyeupe au buluu. Ukiamka usiku, utasoma na kurudi kulala. Saa nyingi hupenda umbali wa mita moja hadi tatu. Dari ya mita tatu na meza ya nusu mita inakuacha na mita mbili na nusu, pazuri. Zungusha gurudumu dogo lililoko shingoni hadi kingo za tarakimu ziwe kali. Zikija kichwa chini miguu juu, kuna kitufe cha kuzigeuza, au uigeuze saa yenyewe upande wa pili wa meza.

Chandarua kinadai mpango. Saa ikiwa ndani ya chandarua, mwanga unagonga wavu kwanza, tarakimu zinatawanyika kwenye nyuzi na darini kinafika kivuli chekundu kisichosomeka. Iweke nje, juu ya meza, mwanga upite kando ya chandarua. Wewe ukiwa ndani utasoma bila shida, kwa kuwa wavu ulio karibu na jicho hauzuii kuona mbali. Gharama yake ni kwamba kuzima alamu utalazimika kutoa mkono, na mimi kwa mtu mwenye zamu ya saa moja asubuhi naona hiyo ni faida. Isogeze hata mita moja zaidi, usimame kabisa. Kile kitufe kikubwa cha juu kilichoandikwa SNOOZE kinaahirisha alamu kwa dakika chache tu, hakiizimi, na kukipiga ukiwa usingizini ni rahisi mno.

Pangaboi nalo litakukatia mwanga. Mapanga yakizunguka kati ya saa na dari, tarakimu zinachezacheza hadi kichwa kinauma. Elekeza kishingo mbali na katikati ya chumba, kwenye kona ya dari iliyo juu ya meza yenyewe au kwenye ukuta wa upande wa miguu. Ukimulika kwa kuinamisha sana tarakimu zitanyooka kama kivuli cha jioni, kwa hiyo kona ya karibu ni bora kuliko ukuta wa mbali. Jaribu usiku taa zikiwa zimezimwa. Mchana hutaona kitu, na hilo pia huwafanya watu wadhani taa imekufa. Dari ya jipsamu nyeupe ni nzuri kuliko zote. Dari ya mbao yenye vanishi nyeusi inameza wekundu wote. Nyumba isiyo na silingi, ya mabati moja kwa moja, mulika ukutani palipopakwa rangi nyeupe.

Kama boksi la saa lilikuwa na kidude kingine kidogo cha kuweka nje ya dirisha, hicho ni kipimajoto, na kitafanya kazi hapa bila wasiwasi. Nacho kinaongea na saa kwa redio, lakini ni redio yake yenyewe, kwa kawaida megahezi 433, ya masafa ya makumi ya mita tu. Watu huona alama mbili za mawimbi kwenye kioo wakadhani ni kitu kimoja. Kiweke kivulini, jua likikipiga kitakuandikia joto la bati. Ukuta mnene wa tofali unapunguza nguvu yake, kwa hiyo kiwe upande wa dirisha la chumba hicho hicho.

Mwisho kuna jambo la ziada, kwa wenye moyo wa kujaribu. Zipo programu za simu zinazoiga yale matangazo ya Ujerumani. Simu haiwezi kutoa kilohezi 77.5, lakini spika yake ikipiga sauti ya kilohezi 15.5 kwa nguvu, mkondo wa umeme ndani yake hubeba pia mizidisho ya hiyo sauti, na mara tano ya 15.5 ni 77.5 kamili. Unaweka simu ikigusa saa, ubavu ule wenye antena, sauti juu hadi mwisho, unaiamuru saa itafute. Ukibahatisha, kialama kinatulia baada ya dakika chache na saa imejiweka sawa hapa hapa Kimara. Spika za simu nyingine zinakata sauti nyembamba kiasi hicho, hapo tumia waya wa spika za masikioni, uzungushe karibu na saa, na usizivae masikioni hata kidogo. Watoto na vijana watasikia mlio mwembamba kama wa mbu, mtu mzima huenda asisikie kitu. Kwenye programu chagua muda wa Afrika Mashariki, na ukimaliza lizime tena lile sikio.

Ukimjibu kaka, mwambie saa inafanya kazi. Siku utakapokwenda kumtembelea ifunge kwenye begi, ukifika uiweke dirishani usiku mmoja, umewasha sikio pamoja na ile DST kama uliizima, na kama uliisogeza kwa Kiswahili usiipangie kitu. Asubuhi utaikuta imeshika muda wa Ujerumani yenyewe, na ile antena aliyosema fundi wa mtaani imekufa utaiona kwa macho yako kama ni hai.